Argentina: Ndege Zipo, Vipuri Viko kwa Nani?

Tunapolinganisha majeshi, huwa tunahesabu ndege, vifaru na manowari. Hesabu hiyo huacha swali zito zaidi: silaha hizo zikiharibika au kuisha, nani ataleta nyingine? Argentina imelipa gharama kubwa kulijua jibu lake.

Aprili 1982 nchi hiyo ilivamia Visiwa vya Malvinas, ambavyo Uingereza inavitawala na kuviita Falkland. Jeshi lake la majini lilikuwa limeagiza kutoka Ufaransa ndege 14 aina ya Super Étendard, pamoja na makombora ya Exocet. Vita vilipoanza zilikuwa zimefika ndege 5 na makombora 5. Ufaransa ikasitisha mauzo.

Hata hayo machache yaliitikisa Uingereza. Exocet likisharushwa huruka mita chache tu juu ya mawimbi, kwa hiyo rada ya meli huligundua likiwa limekaribia mno. Tarehe 4 Mei liliipiga manowari HMS Sheffield, wakafa mabaharia 20. Tarehe 25 Mei iliangamizwa Atlantic Conveyor, meli iliyobeba helikopta za Waingereza. Tarehe 30 Mei likarushwa la tano, na ghala likabaki tupu. Mafundi wa Argentina nao walichukua makombora ya Exocet yaliyotengenezwa kwa ajili ya manowari, wakayafunga kwenye trela. Tarehe 12 Juni moja liliipiga HMS Glamorgan kutoka nchi kavu. Ulikuwa ufundi wa kusifiwa, lakini haukuweza kujaza ghala. Siku mbili baadaye wanajeshi wa Argentina visiwani walisalimu amri.

Amani haikumaliza tatizo. Uingereza iliendelea kuzuia vifaa vyake visiifikie Argentina, na kizuizi hicho kina makali kwa sababu Martin-Baker, kampuni ya Kiingereza, hutengeneza viti vinavyomrusha rubani nje ya ndege inapopata ajali. Viti hivyo vimo katika ndege za nchi nyingi. Argentina iliponunua Super Étendard nyingine 5 zilizotumika, zikawasili mwaka 2019, zilikwama chini kwa kukosa baruti za viti hivyo. Mwaka 2020 Korea Kusini nayo ilishindwa kuiuzia ndege za FA-50, kwa kuwa zina vipuri vya Uingereza.

Wapo wanaosema dawa ni kuunda ndege nyumbani. Ni nusu ya ukweli. Ndege aina ya Pucará ilibuniwa na kuundwa Córdoba, Argentina kwenyewe, lakini injini zake zilitoka Ufaransa na viti vyake kwa Martin-Baker. Kiwanda cha kuunganisha ndege hakikupi uhuru ikiwa sehemu zinazobeba uhai wa rubani zinaagizwa nje.

Mwaka 2024 Argentina ilikubaliana na Denmark kununua F-16 zilizotumika, 24 kwa idadi. Viti vya ndege hizo ni vya Marekani, na Marekani ndiyo iliyolazimika kuridhia mauzo hayo. Argentina imepata njia ya kukwepa kizuizi cha London, lakini sasa itaitegemea Washington kwa miaka mingi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Serikali yoyote inayotangaza ununuzi wa silaha inapaswa kuwaeleza wananchi wake, pamoja na idadi na bei, ni mataifa gani yenye uwezo wa kuzizuia zisiruke.