Cha mbwa ruksa, cha mwenye mbwa hapana

Risiti mbili zilizobanwa kwa pini moja ndizo zilizoninyima usingizi. Zote ni za siku moja ya mwaka 2023, duka lile lile, mjini Columbus, Ohio. Moja ni ya chakula cha mbwa, kimelipiwa kwa fedha za amana. Nyingine ni ya mkate, mayai na maziwa, vimelipiwa kutoka pochi ya dada.

"Cha mbwa ruksa, cha mwenye mbwa hapana," aliniambia huyo dada, Mtanzania aliyehamia Marekani zamani. Yeye ni mdhamini wa amana ya mdogo wake wa kiume, aliyeumia ubongo katika ajali ya gari. Mahakama iliiweka fidia yake katika amana maalumu ya mtu mwenye ulemavu, inayotambuliwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1993. Bila amana hiyo angepoteza SSI, posho ya serikali kwa wenye ulemavu wasio na kipato cha kutosha, na matibabu ya Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa kuwa mpokeaji wa posho haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000.

Fedha ni zake, ila hazipiti mkononi mwake. Akipewa taslimu, posho inakatwa. Kwa hiyo dada analipa dukani mwenyewe na kutunza kila karatasi kwenye bati la biskuti: simu, miwani, televisheni, nauli, ada ya kuogelea. Hivyo vyote ruksa. Chakula kilihesabiwa kuwa kipato, na posho, iliyofikia dola 943 kwa mwezi mwaka 2024, ingeweza kumegwa theluthi nzima.

"Sinema tulikwenda. Tiketi yake nalipa kwa amana, bisi nalipa mimi. Siku moja akaniuliza mbele ya watu, 'Dada, hela yangu imekwisha?' Nilikosa la kumwambia, mdogo wangu. Ningemweleza nini, kwamba serikali inahesabu bisi?"

Tangu Septemba 30, 2024, chakula hakihesabiwi tena. Siku ile alimnunulia kuku mzima kwa fedha za amana, na risiti yake ameiweka juu kabisa kwenye bati. Kodi ya nyumba, umeme na maji bado vinapunguza posho.

Nilimuuliza nani atashika bati hilo yeye akiondoka. Ana miaka 61, mdogo wake 38. "Benki inaweza kuwa mdhamini, kwa ada. Lakini benki itajuaje kwamba akinyamaza kutwa nzima, ni jino linamuuma?" Na mdogo wake akitangulia, jimbo litajilipa kwanza gharama zote za Medicaid zilizomtibu, ndipo kitakachobaki, kama kitabaki, kiende kwa ndugu. Hilo hakutaka kulizungumza. Alifunika bati.

Kikomo cha dola 2,000 kilianza mwaka 1989. Tangu hapo bei ya mkate imepanda mara ngapi? Chenyewe hakijaongezwa hata senti moja.