Picha ya Nyahururu na swali la dada

Wengi wakifika Nyahururu hupiga picha pale juu penye ua, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakarudi zao. Msomaji, hiyo ni nauli ya bure! Maporomoko ya Thomson, aliyoyafikia Mskoti Joseph Thomson mwaka wa 1883, huanguka mita 74, na kimo hicho hukijui mpaka uteremke bondeni.

Nilishuka na mpwa wangu wa miaka minane, mkono kwa mkono, maana njia ilikuwa telezi. Chini, manyunyu ya Ewaso Narok yakailowesha lenzi. Picha tano zikatoka ukungu mtupu. Nikaifuta kwa leso, nikamsimamisha mtoto mbele, nikarudi nyuma. Ya sita ikakubali: sisimizi chini ya ukuta wa maji.

Dada yangu aliitazama kwa muda.

"Na mkono ulimwachia kwa nini?"