Machela, Mofini na Mikono Mingi

Mwaka 1928, kwenye majabali ya Laddow kaskazini mwa Uingereza, kijana mmoja aliyekuwa akipanda miamba alianguka na kuvunjika mguu. Wenzake hawakuwa na machela. Waliunga machela ya kubahatisha kwa mbao za kibao cha kuonyesha njia, wakambeba kwa saa kadhaa bila dawa yoyote ya maumivu. Daktari wa upasuaji Wilson Hey wa Manchester, ambaye pia alikuwa mpanda milima, hatimaye alilazimika kuukata mguu ule. Aliamini kwamba kilichoupoteza mguu si kule kuanguka. Ni safari ya kuteremka.

Uokoaji wa milimani nchini Uingereza ulianzia kwenye wazo hilo, na mafunzo ya waokoaji wa leo bado yanalizunguka. Kamati iliundwa kutafuta machela ya kufaa, na iliyochaguliwa ilibuniwa na Eustace Thomas, mhandisi na mtembea milima. Hey mwenyewe aliandamwa na suala la mofini, dawa kali ya maumivu. Sheria haikuruhusu dawa hiyo ikae mikononi mwa watu wasio madaktari, naye akaendelea kuipeleka kwenye vituo vya uokoaji bila kibali hadi mwaka 1949 alipotozwa faini ya pauni 10. Baadaye serikali ikalegeza kamba. Mpaka leo mwokoaji wa kujitolea, ambaye mchana huenda ni fundi bomba au mwalimu, anaweza kumpa majeruhi mofini mlimani akishafuzu mtihani wa huduma ya majeruhi. Tena mtihani huo haufanywi mara moja ukaisha. Hurudiwa kila baada ya miaka michache, na anayeshindwa hapewi dawa kubeba.

Timu zenyewe zilikuja baadaye. Mwaka 1946 Wilfrid Noyce, ambaye miaka saba baadaye angekuwa katika msafara wa Everest, alivunjika mguu kwenye mlima Great Gable. Miongoni mwa waliosaidia kumshusha alikuwa George Fisher, naye mwaka uliofuata akaanzisha timu ya mji wa Keswick. Leo England na Wales zina karibu timu 50. Polisi ndio wanaoziita, lakini hawawalipi waokoaji mshahara, na majeruhi hatozwi hata senti. Mafuta ya gari, kamba na redio hununuliwa zaidi kwa michango ya wananchi.

Anayetaka kujiunga hudhani ataulizwa kama ni shujaa. Huulizwa anaishi wapi, kama mwajiri wake atamruhusu kutoka kazini ghafla, na kama anaweza kusoma ramani usiku ndani ya ukungu. Timu haifundishi kutembea milimani, kwa hiyo anayekuja awe tayari anaijua milima ile hata akiikuta imefunikwa na mawingu. Kisha huwekwa chini ya uangalizi, mara nyingi kwa mwaka mzima, akihudhuria mazoezi ya jioni na ya wikendi huku wenyeji wakimtazama. Wanachotazama sana ni kama anasikia anapoambiwa asimame. Kijana mwenye nguvu anayekimbilia ukingo wa genge kabla ya kuambiwa huwatia wasiwasi kuliko mzee anayehema.

Sehemu kubwa ya kazi ni kubeba. Watu wanane hushika machela, wanne kila upande, na wengine hufuata nyuma wakisubiri zamu. Anayepokea huingia kwa nyuma, walioshika husogea mkono mmoja mbele, na wa mbele kabisa hutoka. Machela haisimami. Kwenye mawe makubwa mbinu hubadilika: waokoaji hujipanga mistari miwili, kila mtu akajiweka imara mahali pake, na machela hupita mikononi mwao bila yeyote kuinua mguu. Ikishapita, wa nyuma hukimbia kwenda mbele kujipanga upya. Kwenye mteremko mkali huongezwa kamba inayoachiwa polepole kutoka juu. Mgeni hufundishwa yote haya, halafu siku moja hufungwa yeye mwenyewe ndani ya machela ile, mikono ikiwa ndani, kofia kichwani, mvua ikimpiga usoni, asione ila mawingu na videvu vya watu. Hapo huelewa kwa nini mtu mmoja tu hupewa kazi ya kukaa karibu na kichwa cha majeruhi na kuzungumza naye njia nzima.

Mlima Kenya ulitoa somo zito juu ya kazi hii ya kumshusha majeruhi. Septemba 1970 Gert Judmaier, daktari kutoka Austria, alivunjika mguu vibaya chini kidogo ya kilele cha Batian, mita 5,199. Mwenzake Oswald Ölz, naye daktari, aliteremka kutafuta msaada. Wanachama wa Mountain Club of Kenya waliacha shughuli zao wakapanda. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alikufa helikopta yake ilipoanguka akijaribu kusaidia. Mwishowe waokoaji kutoka Innsbruck waliletwa kwa ndege, na Judmaier akashushwa akiwa hai baada ya zaidi ya wiki moja. Waliopanda kutoka Nairobi walikuwa na moyo na walijua kupanda. Kumteremsha mtu asiyeweza kusimama kwenye jabali la mamia ya mita ni ufundi mwingine kabisa, na Waaustria walikuwa wameufanyia mazoezi kwao kwa miaka.

Adui mwingine ni baridi. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu huanza kuropoka na kujikwaa, na likizidi kushuka hata kutetemeka hukoma. Wasiojua hufurahi hapo, wakidhani amepata nafuu. Mwokoaji hufundishwa kumshika mtu wa namna hiyo kama yai, kwa sababu mtikisiko unaweza kuuvuruga moyo uliopoa, na hathubutu kumsugua mikono wala miguu. Humwingiza kwenye kihema kisicho na nguzo wala sakafu, watu kadhaa wakaketi humo pamoja naye, na pumzi zao hupasha hewa joto kwa dakika chache.

Lakini kabla ya kubeba kuna kutafuta. Siku hizi timu hutuma ujumbe wenye kiungo, aliyepotea akikibonyeza simu yake hutaja alipo, na wengi huelekezwa njia ya kuteremka bila mwokoaji yeyote kuvaa viatu. Mahali simu isipofika, filimbi ingali na kazi: milio sita kwa dakika ndiyo ishara ya kuomba msaada, na jibu ni milio mitatu. Halafu kuna mbwa. Hamish MacInnes wa Glencoe, Scotland, alianzisha chama cha mbwa wa uokoaji mwaka 1965. Mbwa hawa hunusa harufu ya binadamu iliyo hewani, wakimpata hurudi kwa bwana wao kubweka, kisha humwongoza hadi alipo mtu huyo. Ili wajifunze, lazima mtu akajifiche vichakani na kulala kimya kwa saa nyingi akisubiri kugunduliwa. Wapo wanaojitolea kwa kazi hiyo tu. Binafsi nawahesabu waokoaji kamili, ingawa kazi yao ni kupotea.

Kila wanapookolewa watu waliopanda na raba za mjini, bila tochi, huibuka sauti za kutaka watozwe gharama. Timu nyingi hukataa, na hoja yao ni ya kikazi zaidi kuliko ya huruma. Anayeogopa ankara hachukui simu saa nane mchana, kifundo kinapoteguka. Husubiri, akijikongoja, hadi giza liingie na mvua imlowanishe. Hapo aliyehitaji watu wanne na fimbo anahitaji watu 20, machela na kamba, kwenye mteremko ambao usiku huo unaweza kumvunja mguu mwokoaji pia.