Taa nyuma ya pikapu: muulize fundi fyuzi iko wapi

Wasafirishaji wengi wa Nakivale, wakimbizi kwa wenyeji wa Isingiro, hupakia mahindi na maharage kabla jua halijatoka, au hushusha mzigo usiku. Mwanga ni tochi ya simu iliyoshikwa kwa meno. Kuna pia anayewasha mshumaa au kibatari karibu na madumu ya petroli. Hilo tunaomba liachwe leo, hata kabla hujafunga taa yoyote.

Kufunga taa kwenye bodi ya mizigo si kazi kubwa kwa fundi umeme wa magari. Lakini fundi mwenye haraka anaweza kuruka kitu kimoja kinacholinda gari lisiungue: fyuzi.

Betri ya pikapu ni ya volti 12. Watu huiona ndogo kwa sababu haipigi shoti mkononi. Lakini waya wa taa ukichubuka na kugusa chuma cha gari, umeme mwingi unapita hapo kwa ghafla. Waya unakuwa mwekundu, plastiki yake inashika moto, na juu yake kuna magunia na turubai. Fyuzi hukatika kabla hayajafika huko, mradi iwe imefungwa karibu na betri, chini ya boneti. Ikifungwa kule nyuma, mita zote za waya kutoka kwenye betri zinabaki bila ulinzi. Kwa hiyo kabla hujalipa, mwombe fundi afungue boneti akuonyeshe. Si kumkosea heshima. Gari ni lako.

Umeme unaotumika unaupata kwa kugawanya wati kwa volti. Taa mbili za LED za wati 18 ni wati 36. Gawa kwa 12, unapata ampea 3. Fyuzi ya ampea 5 na waya wa milimita za mraba 1.5 vinatosha. Balbu mbili za kizamani za wati 55 zinakula ampea 9 na zaidi, na ukizisahau zikiwaka usiku, asubuhi gari ni la kusukuma. Fyuzi ikikatika kila mara, tafuta waya uliochubuka. Usiweke kubwa zaidi, wala karatasi ya sigara mahali pake.

Waya upite ndani ya bomba la plastiki kando ya chasisi, mbali na ekzosi. Kila unapopenya tundu la chuma, weka mpira. Waya wa hasi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, la sivyo taa itawaka na kuzima barabara ikiwa mbaya.

Taa zikae chini ya ukingo wa bodi, zielekee sakafuni. Hapo magunia hayazivunji, na kama umebeba mama mjamzito kumpeleka kituo cha afya usiku, hazimpigi machoni. Swichi iwe ndani, mbele ya dereva. Taa nyeupe inayomulika nyuma izimwe kabla gari halijaondoka, kwa sababu inampofusha anayekufuata, hasa bodaboda kwenye vumbi. Na taa zako nyekundu za nyuma zisifunikwe na turubai au magodoro. Hizo ndizo zinazomwonyesha kwamba uko mbele yake.

Kama gari ni la kukodi, pata ruhusa ya mwenyewe kabla fundi hajatoboa bodi.