Jino Bovu Huanzia Mezani: Lishe na Afya ya Kinywa

Wahenga walinena kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwahimiza watu wauondoe uovu badala ya kuuvumilia. Hata hivyo, ikichukuliwa kwa maana yake ya wazi, inazua swali: jino hilo liliozeshwa na nini? Kwa kiasi kikubwa, jibu limo katika chakula na mazoea ya kula.

Jino hufunikwa na tabaka liitwalo enameli, ambalo ni gumu kuliko mfupa. Juu yake hujengeka ukoga, yaani utando unaonata ambamo bakteria huishi. Mtu anapokula vitu vyenye sukari, bakteria hao huitumia sukari hiyo na kutoa asidi inayoyeyusha madini ya enameli. Mate ndiyo mlinzi wa kinywa, kwani huipunguza asidi makali na kulirudishia jino madini. Lakini kazi hiyo huhitaji muda, yapata nusu saa au zaidi.

Kutokana na hali hiyo, tatizo si wingi wa sukari pekee, bali pia idadi ya nyakati inapoingia kinywani. Mwanafunzi anayekunywa soda pamoja na chakula cha mchana huyapa mate nafasi ya kufanya kazi yake. Mwenzake anayeinywa soda iyo hiyo kidogo kidogo jioni nzima huku akisoma, huyaacha meno yake katika asidi kwa saa kadhaa. Vivyo hivyo, mtoto anayelazwa na chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari huwa hatarini zaidi, maana mate hupungua mtu anapolala.

Jambo hili lilidhihirika nchini Uswidi katika miaka ya 1940. Katika hospitali ya Vipeholm, watu wenye ulemavu wa akili walipewa peremende zinazonata kati ya milo, na meno yao yakaoza kwa kasi. Waliokula sukari wakati wa mlo waliathirika kidogo. Maarifa hayo yalipatikana kwa dhuluma, kwani watu hao hawakuombwa idhini.

Mnamo 2015, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kiwango hiki cha pili ni takriban gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai. Soda moja ya mililita 300 yaweza kukipita.

Lishe pia hujenga. Maziwa na omena huupa mwili kalsiamu, nayo mapera, machungwa na mboga mbichi huupa vitamini C. Anayekosa vitamini hiyo kwa muda mrefu hupatwa na kiseyeye, maradhi yanayovimbisha ufizi na kuufanya uvuje damu.

Ukoga, ufizi, gego, kiseyeye: Kiswahili hakina uhaba wa msamiati wa kuyaeleza haya. Pengo lililopo ni la wasemaji, kwa kuwa maarifa mengi ya afya hubakia katika Kiingereza ilhali mzazi anayemtilia mtoto sukari chupani huenda hakielewi. Methali ituachie kung'oa kama tiba ya mwisho, kwani jino la utu uzima liking'olewa halioti tena.