Zahanati Kabla ya Mimbari

Wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti walioingia Japani mwaka 1859 walikuta Ukristo ni kosa la jinai. Mkataba uliosainiwa na Marekani mwaka mmoja nyuma uliwapa wageni ruhusa ya kuabudu wao kwa wao, lakini Mjapani hakuruhusiwa kubatizwa. Mabango ya mbao ya kuwaonya wananchi yalikuwa bado yamesimama hadharani.

Kwa hiyo James Curtis Hepburn, daktari Mpresbiteri, hakuanza na mimbari. Alikaa na mkewe Clara katika hekalu la Kibudha huko Kanagawa, akajifunza lugha, kisha mwaka 1861 akafungua zahanati ya bure. Serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi, iliifunga baada ya miezi michache. Akahamia Yokohama, akafungua nyingine.

Wengi walimjia kwa maradhi ya macho. Mmoja wao, Kishida Ginkō, alipopata nafuu alibaki kumsaidia kutunga kamusi ya Kijapani na Kiingereza. Kwa kuwa hapakuwa na mtambo wa kuipiga chapa nchini, walivuka bahari hadi Shanghai, na mwaka 1867 ikatoka ikiwa na maneno zaidi ya 20,000. Hepburn alimpa pia namna ya kuchanganya dawa ya macho aliyotibiwa nayo, na Kishida akaifanyia biashara kubwa. Mwaka huohuo wa 1867 daktari alimkata mguu uliooza Sawamura Tanosuke, mwigizaji mashuhuri wa kabuki, akamwagizia mguu wa bandia kutoka Marekani. Tanosuke alirudi jukwaani.

Waliobatizwa miaka ile walihesabika kwa vidole. Lakini mimi naiona kazi hiyo ya Hepburn kuwa ndiyo msingi wenyewe, kwani bila kamusi ile na lugha iliyojifunzwa kwa wagonjwa, Agano Jipya lisingekuwa limekamilika kwa Kijapani kufikia mwaka 1880.

Tarehe 10 Machi 1872 kundi dogo la Wajapani, wengi wao vijana, lilianzisha kanisa Yokohama pamoja na mmisionari James Ballagh. Mabango yaliondolewa Februari 1873, baada ya wajumbe wa Japani kubanwa kote Ulaya na Marekani kuhusu Wakatoliki wa Kijapani waliohamishwa kwa nguvu kutoka kijiji cha Urakami kwa sababu ya imani yao.

Vijana hao walikuwa akina nani? Wengi walikuwa wana wa samurai ambao koo zao zilipoteza vyeo utawala wa shogun ulipoanguka mwaka 1868. Walifuata Kiingereza na elimu mpya, wakakutana na Injili darasani. Ndiyo maana Uprotestanti wa Japani ulikuwa dini ya wasomi wa mjini, na wakulima hawakuufuata kwa wingi. Hadi leo Wakristo wa madhehebu yote ni kama asilimia moja tu ya Wajapani.

Ila wachache hao hawakukubali kuwa watoto wa kulelewa. Kule Sapporo, kijana Mkristo Uchimura Kanzō na wenzake walikuwa wamepokea fedha za Wamethodisti ili wapate nyumba ya ibada. Walipoamua kutokuwa chini ya dhehebu lolote la kigeni, walitakiwa kuzirejesha. Walijibana, wakachanga, na kufikia mwisho wa mwaka 1882 deni lote lilikuwa limelipwa.