Muuza Duka Afundishwe Kabla ya Msimu

Tangu msimu wa 2022/23, mkulima wa Magamba, nchini Tanzania, anayetaka mbolea ya ruzuku haendi dukani na fedha peke yake. Huenda na namba aliyopewa baada ya kuandikishwa kijijini. Wakala huingiza namba hiyo kwenye simu na kuskani alama ya mfuko, ndipo mauzo yatambulike. Lengo ni jema: vocha za karatasi za miaka ya nyuma ziliandamwa na udanganyifu. Ila aliyesajiliwa kuwa wakala ni mwenye duka, na anayesimama kaunta siku nzima mara nyingi ni kijana wa kuajiriwa. Huyo ndiye anayeshika simu, na huyo ndiye anayesahaulika mafunzo yanapopangwa.

Wapo wasemao vijana wa leo hawahitaji kufundishwa simu. Ni kweli, kutuma fedha au kupokea malipo kwa Lipa Namba hakuwasumbui. Lakini kazi ya kaunta hupimwa pale mambo yanapokwama: namba imekataliwa, mtandao umekatika katikati ya mauzo, mfuko mmoja umeingizwa mara mbili, na bibi aliyetembea kutoka bondeni anasubiri jibu. Kujua kufungua programu hakumpi muuzaji jibu hilo. Kwa hiyo mafunzo yaanzie kwenye makosa, yafanyike palepale dukani kwa simu ileile ya kazi, na muuzaji ajue ampigie nani akishindwa. Msimu wa kwanza wa utaratibu huu ulileta misururu mirefu kwa mawakala sehemu nyingi za nchi. Muuzaji asiyejua kusahihisha kosa huirefusha zaidi. Mafunzo pia yasiambatane na vitisho: mashine za EFD za kutoa risiti, zilizoanza 2010, ziliwafikia wengi pamoja na hofu ya faini, na mwenye hofu hathubutu kujaribu wala kuuliza.

Hoja nzito zaidi ni ya mwenye duka: nikimfundisha ataondoka, na muda wa kumfundisha ni mauzo yaliyopotea. Hofu hiyo ina msingi, maana mishahara ya maduka haya ni midogo. Hata hivyo, asiyefundishwa akibaki hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa uzito wa mauzo yaliyoingizwa vibaya humwangukia mwenye duka, ambaye ndiye wakala aliyesajiliwa. Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea na kampuni zinazosambaza mbolea zibebe sehemu ya gharama. Zipeleke wakufunzi Magamba kabla ya mvua za masika, na zimwite muuzaji wa kaunta kwa jina lake.